Mfarishi mwembamba wa leso: vifaa vipya na kazi zilizoko mezani

Mfarishi wa Mombasa si mfarishi wa Limuru. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, hata shuka moja hulemea. Kusi ikishaingia na alfajiri za Julai na Agosti zikaanza kuwa na ubaridi, kinachotakiwa kitandani ni kitu kizito kuliko leso na chepesi kuliko blanketi. Kwa hiyo mifarishi yote iliyoko mezani kwangu sasa ni myembamba: uso wa leso, tabaka moja jepesi katikati, na mgongo wa leso au marikani.

Wembamba huo una masharti yake. Mfarishi mnene umejaa pamba, na pamba husitiri mengi: pembe zisizokutana, mshono uliopinda, kiraka kilichozidi kidogo. Mwembamba hausitiri kitu. Ukitandikwa, kila kosa la kukata liko wazi, na kudarizi juu yake, yaani ile mistari ya kushona inayoshika tabaka zote pamoja, hakulifichi bali hulitia mstari. Ndiyo maana pesa za vifaa safari hii zimekwenda kwanza kwenye kukata, halafu kwenye mguu wa cherehani, na cherehani yenyewe imebaki ile ile.

Vifaa vya kukatia

Kikata cha gurudumu ni wembe wa duara uliofungwa kwenye mpini. Kampuni ya Olfa ya Osaka, Japani, ndiyo iliyokitoa mwaka 1979, na tangu hapo kukata viraka kwa mkasi kumebaki kwa kazi za mikunjo na maua. Nyembe zake huja kwa vipimo kadhaa, vikiwemo vya milimita 28, 45 na 60. Ya 28 ni ya mizunguko midogo, ya 60 ni ya vitambaa vinene vilivyorundikwa. Kwa leso na vitenge, 45 inatosha kwa kila kitu, na nyembe za akiba za 45 ndizo rahisi kupatikana.

Kifaa hiki hakifanyi kazi peke yake. Kinataka mkeka wake wa kukatia, ule wa mpira mgumu unaojifunga baada ya wembe kupita, na rula ya plastiki nene inayoona chini, yenye mistari ya inchi. Rula ya inchi 6 kwa 24 ndiyo ya kununua kwanza, kwa sababu leso iliyokunjwa mara mbili inaingia chini yake bila kuhamisha rula katikati ya mkato. Mkeka wa inchi 24 kwa 36 hutoshea meza ya kawaida ya kulia. Ukipungua hapo utakuwa unasogeza kitambaa kila mara, na kila kitambaa kinaposogezwa ndipo kipimo kinapopotea.

Namna ya kukata: simama, usikae. Kitambaa kiwe kimepigwa pasi na kukunjwa uzi kwa uzi. Bonyeza rula kwa vidole vilivyotawanywa, kidole kidogo kikiwa nje ya ukingo wa rula ulio mbali na wembe, kikiegemea kitambaa, ili rula isiteleze. Wembe ulale ubavu kwa ubavu na rula, usukume kwenda mbele, usivute kuja kwako. Ukifika usawa wa kiganja simama, pandisha mkono, endelea. Tabaka 4 za leso ni mwisho. Za kitenge kizito zikizidi 2 au 3, la chini litatoka jembamba kuliko la juu. Na kila unapokiweka mezani, hata kwa sekunde moja, funga wembe. Wembe huo hukata kidole bila kuuma mwanzoni, na nyumba zetu zina watoto.

Rula ikiteleza, bandika vipande vidogo vya msasa laini kwenye pembe zake kwa chini. Wembe ukianza kuruka nyuzi, angalia zinaporukwa. Zikirukwa kwa nafasi zinazolingana, kila baada ya sentimita 14 hivi, wembe umeng'oka jino mahali pamoja, maana 14 ndio mzunguko wa wembe wa milimita 45. Hapo hakuna dawa, badilisha. Zikirukwa ovyo ovyo, mara nyingi mkeka una mfereji kwa kukatiwa mstari mmoja kila siku. Ugeuze, ukatie sehemu nyingine.

Hewa ya bahari ni adui wa chuma. Wembe ulioachwa wiki chache kwenye droo bila mafuta huota kutu ukingoni, na kutu hiyo huacha doa la kahawia kwenye kitambaa cheupe lisilotoka kwa sabuni. Baada ya kazi fungua skrubu, pangusa vumbi la nyuzi, tia tone moja la mafuta ya cherehani baina ya wembe na mpini, kisha kata kitambaa cha taka mara mbili tatu kabla ya kugusa leso. Sindano na pini nazo zikae kwenye kopo linalofunga sawasawa, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mkeka nao usiegemezwe dirishani wala kuachwa ndani ya gari: jua la hapa huupinda, na ukishapinda haurudi. Usipige pasi juu yake. Uhifadhi ukiwa umelala, chini ya godoro ni mahali pazuri.

Mguu unaotembea

Cherehani ya kawaida husukuma kitambaa kwa meno yaliyo chini tu. Kwa kitambaa kimoja hilo si tatizo. Kwa tabaka 3 za mfarishi, la chini huenda mbio, la juu husitasita chini ya mguu, na mwisho wa mstari unakuta uso umejikunja na kufanya mabonde. Mguu unaotembea una meno yake mwenyewe yanayopanda na kushuka pamoja na sindano, kwa hiyo la juu na la chini huenda pamoja.

Kabla ya kununua pima shina la cherehani, yaani ile nguzo inayoshika mguu. Shusha mguu uliopo, kisha pima kutoka katikati ya skrubu inayoushika hadi kwenye bamba la chini. Ikiwa ni kama nusu inchi, shina ni fupi. Ikiwa ni kama inchi moja, ni refu. Miguu mingi inayouzwa ni ya shina fupi. Cherehani nyingi za nyumbani, na hata zile nyeusi za kukanyaga, ni za shina fupi pia, lakini zile za kukanyaga zina mtego wake: meno yake ni membamba na yamekaribiana, ilhali mguu umetengenezewa cherehani za zigizagi zenye meno yaliyotengana. Meno ya juu yakikosa kukutana na ya chini, mguu unafungika vizuri lakini haufanyi kazi yoyote. Ugeuze kichwa chini dukani, uulinganishe na bamba la cherehani yako, au angalau na picha yake uliyopiga kwa simu.

Kuufunga: toa mguu wa zamani pamoja na kishikio chake. Pitisha ule mkono wenye uma juu ya skrubu ya kushika sindano, usiwe chini yake, halafu kaza skrubu ya shina kwa bisibisi. Vidole havitoshi, kwa sababu mtetemo huilegeza na sindano ikigonga mguu hukatika. Zungusha gurudumu kwa mkono duru nzima kabla ya kutia kasi. Urefu wa mshono wa kudarizi uwe milimita 3 hadi 3.5; 2.5 ni wa kuungia viraka. Usirudi nyuma na mguu huu. Kufunga mwanzo na mwisho, punguza mshono mpaka karibu na sifuri kwa robo inchi. Na uende polepole, maana ukikimbiza, uma hauwahi kurudi.

Mguu huu ni wa mistari iliyonyooka na mizunguko mipana tu. Kwa kudarizi maua madogo ya kuzunguka zunguka, meno ya chini hushushwa au kufunikwa, mguu mwingine mdogo wa duara hutumika, na mikono ndiyo inayosukuma kitambaa. Hilo ni somo lake peke yake.

Sindano namba 80/12 kwa kuunga, 90/14 kwa kudarizi tabaka 3. Ibadilishe baada ya saa 8 hivi za kushona, au mara tu unaposikia inagonga kitambaa badala ya kukipenya. Cherehani ikiruka mishono, sindano ndiyo mshukiwa wa kwanza: ama imekufa ncha, ama imewekwa kinyume. Mfereji mrefu wa sindano ukae upande uzi unakoingilia. Nyuzi zikijisokota kwa chini kama kiota, tatizo karibu kila mara liko juu: uzi haukuingia katikati ya zile sahani za kukazia. Inua mguu kwanza, ndipo utie uzi, kwa sababu mguu ukiwa chini sahani hizo zimefungana.

Neno moja kwa anayeletewa cherehani na jamaa kutoka Marekani. Soma kibati chake kabla ya kuchomeka. Kikisema 110 au 120 V, stima yetu ya 240 V itaichoma mota. Inataka transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibati. Kubadilisha plagi peke yake hakusaidii kitu.

Leso kabla ya wembe

Leso huuzwa kwa doti, mbili zikiwa bado zimeungana, na kila moja ni kama sentimita 110 kwa 150. Biashara Street, mtaa wa leso hapa Mombasa, ukishalipa tu unaulizwa kama zipindwe, na mafundi wako pale pale mlangoni. Kwa mfarishi kataa. Pindo lililoshonwa lina tabaka 3, huwa gumu kwenye kingo, na ukilifumua linaacha matundu.

Ifungue doti dukani, ulaze leso moja juu ya pacha wake, na utazame pembe nne za mji, yaani uwanja wa katikati ya leso. Chapa za leso mara nyingi hazikufuata uzi wa kitambaa: pindo lililochapwa, ile fremu ya mchoro, huanza inchi moja kutoka ukingoni na upande wa pili likaishia inchi moja na nusu. Kwa kujifunga haina neno. Kwa mfarishi, hasa ule wa leso nzima nitakaoueleza hapa chini, tofauti ikizidi nusu inchi achana na doti hiyo, chagua nyingine. Tazama pia maandishi ya ukingoni, kama yale ya K.H.E. Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak. Hukaa nje ya pindo na kwa kawaida hukatwa yakaingia ndani ya mshono. Mimi huyaacha kwenye mgongo, yasomeke, kwa sababu ni sehemu ya leso kama jina, ule usemi uliochapwa, lilivyo sehemu ya leso.

Osha kabla ya kukata, bila mjadala. Leso mpya ina dondo la kiwandani, yaani wanga wa kukaza kitambaa, na likitoka kitambaa hurudi. Kadiria asilimia 3 hadi 5 upande wa urefu. Nyekundu na nyeusi hutoa rangi. Loweka kila rangi peke yake kwenye maji ya moto na sabuni, suuza, rudia mpaka maji yawe meupe. Halafu jaribu: ibonyeze ikiwa mbichi kwa pasi juu ya kipande cha bafta nyeupe. Bafta ikitoka na rangi, rudi kwenye beseni. Chumvi na siki, ambazo kila mtu hukushauri, hazifungi rangi ya leso ya kiwandani. Kinachosaidia ni kuitoa ile iliyozidi. Leso ambayo haikomi kutoa rangi isiingie kwenye mfarishi wenye nyeupe.

Kwa kitenge, choma nyuzi chache kwa kiberiti kwanza. Pamba huwaka na kunuka karatasi, ikaacha jivu laini. Poliesta hukunjamana, ikayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Poliesta haikai na leso kwenye mfarishi mmoja: pasi inayoinyoosha pamba inaikaanga, na mshono wake haulali.

Leso iliyooshwa huwa teketeke na huhama chini ya rula, hasa ikikatwa mshazari. Irudishie dondo la nyumbani: kijiko kikubwa kimoja cha unga wa muhogo kwenye nusu lita ya maji, chemsha huku unakoroga mpaka ung'ae, poza, chovya, kamua, anika kivulini, piga pasi ikiwa na unyevu kidogo. Tia dondo kwa kile utakachokata wiki hiyo tu. Kitambaa chenye dondo kikikaa kabatini huita mende, na mende hula.

Kazi ya kwanza: doti moja, mfarishi mmoja

Huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na hauna kiraka hata kimoja. Leso ya kwanza ni uso, pacha wake ni mgongo, na katikati ni shuka la flaneli, lile la mitumba linalopatikana Kongowea, lililooshwa mara nyingi hata likakoma kurudi. Unatoka wa inchi 42 kwa 57 hivi: wa mtoto, wa kochini, au wa mtu mzima kujifunika miguu.

Laza leso ya mgongo kifudifudi kwenye sakafu ya vigae, uibandike kwa gundi ya karatasi pande nne, ikaze bila kuivuta. Ikivutwa, itakapobanduliwa itajirudi na kukunja kila kitu. Tandaza flaneli juu, iliyozidi inchi 2 kila upande, uipapase kutoka katikati kwenda nje. Juu yake leso ya uso. Sasa chomeka pini ndefu wima kwenye pembe moja ya mji wa juu mpaka ipenye chini, inua ukingo, utazame imetokea wapi kwenye pacha wake. Sogeza mpaka pembe zote nne zikutane, ndipo upige bandi, yaani mishono ya muda ya kushikilia. Shulu za mkono za inchi 2, mistari ikipishana kwa inchi 4, au pini za nepi kila upana wa kiganja. Pini za nepi ni za haraka, lakini zikishapata kutu hutoboa na kuchafua leso nyepesi. Kwa mfarishi huu napendelea bandi.

Mdarizi huanzia katikati kwenda nje, kila mara. Ukianza ukingoni, kitambaa cha ziada kinasukumwa katikati na hakuna pa kutokea. Fuata michoro ya leso yenyewe: zunguka korosho, zunguka ua, halafu mstari mmoja ndani ya mji na mmoja nje ya pindo. Nafasi baina ya mistari isizidi inchi 4, la sivyo flaneli itahama ikifuliwa. Jina usilidarizi juu ya herufi. Pita milimita 3 hivi nje ya fremu yake, herufi zinyanyuke kidogo, zisomeke.

Kuweka alama, kipande kikavu cha sabuni nyeupe kilichochongwa ncha hushinda kalamu nyingi za dukani. Zile kalamu zinazofutika kwa maji zikipitiwa na pasi kabla ya maji hukaa daima.

Kazi ya pili: viraka 117 kwa kitanda cha tatu kwa sita

Kitanda cha futi 3 kwa 6 kinataka mfarishi wa inchi 54 kwa 78 ili uning'inie pande zote mbili. Viraka vya inchi 6 vilivyokamilika, 9 kwa upana na 13 kwa urefu, ni 117. Kila kimoja kikatwe inchi 6 na nusu, robo inchi ya mshono kila upande.

Leso moja iliyooshwa hutoa viraka 48 ukikata bila kuchagua. Ukiondoa ukanda wa jina, na ukitaka maua yakae katikati ya kiraka, hesabu 40. Kwa hiyo leso 3 zinatosha barabara, na kwa kuwa zinauzwa kwa doti utanunua 4. Ya nne itatoa upapi wa ukingoni na foronya moja. Chagua doti zenye rangi moja ya kuziunganisha, na angalau moja iwe na mji usio na vurugu. Viraka vyote vikiwa na mchoro mkubwa, jicho halipati pa kutua.

Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, hata kama mchoro umeegemea. Kiraka kilichofuata mchoro na kuacha uzi kina kingo zinazovutika, na safu nzima itayumba.

Robo inchi ndiyo roho ya kazi hii. Mshono ukizidi kwa 1/16 ya inchi tu, kila ungio hula 1/8, kwa sababu viraka ni viwili. Safu ina maungio 8, basi inchi nzima imepotea, na safu ya pili aliyoishona mtu mwingine au siku nyingine haitalingana nayo. Jaribio ni hili: kata papi 3 za upana wa inchi 1 na nusu, ziunge, piga pasi. Zote pamoja ziwe inchi 3 na nusu, na wa katikati uwe inchi 1 kamili. Ukiwa mwembamba zaidi ya hapo, mshono wako ni mpana. Kwa kawaida unashona unywele mmoja ndani ya robo, kwa sababu mkunjo wa kitambaa nao hula kidogo. Ukishapata mahali penyewe, bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye bamba la cherehani, na kitambaa kiende kikiigusa.

Shona jozi mfululizo, moja ikifuata nyingine bila kukata uzi, halafu uzikate zote kwa pamoja. Kwa pasi, bonyeza na kuinua, usisukume. Maungio ya safu ya kwanza yalale kulia, ya safu ya pili kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Safu zinapokutana, kila ungio hujiegemeza kwenye mwenziwe na pembe hukutana zenyewe. Safu zilizolazwa upande mmoja huweka vinundu kila pembe, na kwenye mfarishi mwembamba vinundu hivyo huhisika hata ukiwa umelala.

Mgongo ni marikani, inayotakiwa kuzidi uso kwa inchi 3 kila upande, yaani 60 kwa 84. Ikiwa ya upana wa inchi 45, usiunge kwa urefu. Kata vipande 2 vya inchi 60 na uviunge ili mshono ukate mfarishi kwa upana: mita 3 na robo zinatosha pamoja na za kurudi. Ukiunga kwa urefu utahitaji mita 4 na nusu. Marikani ioshwe kwa maji ya moto, ile hurudi kuliko leso.

Katikati nimetumia flaneli tena. Pamba ya poliesta ya mafundi wa makochi ni nyepesi mkononi lakini haipitishi jasho, na nyuzi zake hupenya leso zikatokea juu, weupe juu ya nyeusi.

Upapi wa ukingoni: mzunguko wote ni inchi 264. Kata papi za inchi 2 na nusu kutoka kwenye urefu wa leso ya nne. Papi 5 huonekana kutosha kwa hesabu, lakini kila ungio la mshazari hula karibu inchi 2 na nusu, na mwisho lazima ubaki na inchi 10 za kufungia. Kata 6, inchi 15 za kitambaa. Ziunge kwa mshazari ili unene utawanyike, kunja katikati kwa urefu, shona upande wa uso, kisha geuza na umalizie mgongoni kwa mkono na subana kidoleni. Kwenye pembe simama robo inchi kabla ya ukingo, toa kitambaa, kunja upapi kwenda juu ufanye mshazari, urudishe chini usawa na ukingo, uanze tena. Ukishona mpaka ukingoni kabisa pembe haitageuka kali.

Kazi ya tatu: vipande vya baki, kwa mkono

Wasidi wa Karnataka, India, watu ambao asili yao ni Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi karne kadhaa zilizopita, wana mfarishi wao unaoitwa kawandi. Haushonwi kwa cherehani wala haukatiwi rula. Chini hutandazwa kitambaa kimoja, viraka vya nguo kuukuu huwekwa kuanzia pembeni, na sindano huzunguka ukingo wote ikiingia ndani duru baada ya duru mpaka ikutane katikati. Kwenye pembe hutiwa vipande vilivyokunjwa vya rangi, phula, yaani maua.

Kwa hewa ya hapa sijaona namna bora ya kumaliza baki. Hakuna pamba, uzito unatokana na viraka kupandana. Tumia leso kuukuu kama mgongo, kunja ukingo wake inchi moja kuja juu, weka kiraka cha kwanza kwenye pembe huku kingo zake zilizokunjwa nusu inchi zikilingana na ukingo, uanze shulu fupi kwa uzi mnene wa pamba uliokunjwa mara mbili. Kiraka kinachofuata hupanda juu ya kilichotangulia kwa inchi moja. Mistari ipishane kwa upana wa kidole. Kwa kuwa sindano inakwenda ndani, kitambaa cha mgongo husukumwa katikati kidogo kidogo. Kila duru ukimaliza kilaze mezani, ukipapase, na usikaze uzi. Wanaokaza huishia na mfarishi uliovimba tumbo.

Vipande vya poliesta, hata viwe vizuri vipi, visiingie, na hasa visiingie kwenye vishikio vya sufuria vinavyotoka kwenye baki hizi hizi. Vishikio vinataka pamba tupu, tabaka 2 za flaneli au taulo kuukuu katikati, na mistari ya kudarizi isiyopungua inchi moja kutoka mmoja hadi mwingine, kwa sababu joto hupita penye mshono.

Mfarishi ukishakamilika, fuo la kwanza liwe la maji baridi, na kitambaa cheupe cha taka kitiwe ndani ya beseni kunyonya rangi itakayotoka. Usiukamue kwa kuusokota. Uanike kivulini juu ya kamba mbili zilizopishana futi moja, uzito ugawanyike, maana kamba moja huacha mstari katikati na kuvuta mishono. Usiuweke kwenye mfuko wa nailoni: unyevu hukwama ndani na masika hayaishi kabla madoa ya ukungu hayajatokea. Uzungushie foronya ya pamba, na kila mwezi ufungue ukunje mahali pengine.